Nilizotazama huku nashona

Idi ilipopita ndipo nilipopumua. Ramadhani nzima nilishona mpaka saa 7 usiku, runinga ya ofisini ikiongea na wateja, mimi naisikia kwa masikio tu huku macho yako kwenye sindano. Sasa kazi zimepungua. Kuna kanzu moja moja, magauni mawili ya harusi ya mwezi ujao, na suruali za kupunguza. Kwa hiyo nimetazama filamu, na safari hii nimezitazama kweli, karibu zote toka mwanzo mpaka majina yanapopanda. Naziandika kabla hazijanitoka.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi cherehani hapa Lindi mjini. Fremu yangu ina cherehani mbili, moja yangu na moja ya binti ninayemfundisha kazi, mashine ya ovaloki, benchi la wateja, na runinga ndogo juu ya kabati la nguo zilizokwisha. Filamu nyingi huzileta mwanangu kwenye flashi, ana miaka 9 na ndiye mwenye mamlaka ya rimoti. Nyingine nanunua bando, natazama kwenye simu usiku nikishafunga. Anayekaa kwenye lile benchi kusubiri nguo yake hutazama pamoja nasi na hutoa hukumu, hata kama alikuja kubadilisha zipu tu. Kuna mama muuza maandazi ambaye kwake filamu nzuri ni ile ambayo steringi hafi. Kuna kijana wa bodaboda ambaye dakika 10 zikipita hajaona mtu kapigwa anauliza kama hiyo ni filamu au mkutano wa kijiji. Wote nawasikiliza.

Ila jicho ni langu, na jicho langu huanzia kwenye nguo. Mtu akitokea kwenye kioo, kabla sijajua jina lake nimeshaona begani pamekaa au pamevuta, pindo limekunjwa kwa mkono au kwa mashine, nguo ni yake au kaazimwa. Nikiamini nguo, namwamini mtu. Nisipoiamini, hata alie vipi namwona mwigizaji.

Hapo ndipo filamu zetu za Bongo zinaponiumiza. Wiki mbili zilizopita tulitazama moja, jina lake naliacha, hadithi nzuri kabisa. Mke wa mvuvi, mume siku ya 4 hajarudi kutoka baharini, watoto hawajala, mwenye nyumba anagonga mlango. Dada yule anajua kazi, machozi yalitoka ya kweli. Lakini kitenge alichojifunga kilikuwa bado na alama za mkunjo wa dukani, mstari mmoja umekata mgongoni, mwingine umekata pajani, vile kinavyokuwa kikitoka kwenye nailoni yake. Kitenge cha mke wa mvuvi hakiko hivyo. Kimelainika mpaka kinamshika mwilini. Rangi imefifia nyuma, pale anapokalia. Pindo la chini limeliwa na maji ya chumvi, nyuzi zinaning'inia, na kwenye kiuno kuna sehemu imekuwa nyembamba kwa kufungwa fundo palepale kila siku.

Binti yangu wa kazi akasema, "Dada, huyu kitenge kakinunua leo asubuhi." Mama wa maandazi akatukemea, tumwache mwenzetu na msiba wake. Alikuwa analia naye. Nikanyamaza kwa heshima yake, lakini moyoni nilitamani mtu angenipigia simu kabla hawajawasha kamera. Ningekifua kile kitenge mara 5, ningekianika jua la saa 6, ningekisugua pindo kwenye saruji, nikawapelekea kimekuwa cha mke wa mvuvi. Ni kazi ya siku 2, na gharama yake ni sabuni.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nazipenda. Nakumbuka Aprili 2012 mwigizaji wetu Kanumba alipofariki, wanawake wa mtaa wetu walikaa barazani kama kafa mtu wa nyumba ile. Watu waliolia vile wanastahili kitenge kilichofuliwa.

Sasa niseme ya basi.

Mwezi wa pili nilikwenda Dar kununua vitambaa Kariakoo. Kurudi, tulipovuka daraja la Mkapa konda akaweka filamu ya Kihindi, Bajrangi Bhaijaan, ya mwaka 2015. Mimi sikuwahi kuitazama. Kama nawe bado, ruka aya hizi chache, nitakuharibia.

Kuna mtoto wa kike wa Pakistani, hasemi. Mama yake kampeleka India kwenye kaburi la walii akamwombee apate sauti. Wakati wa kurudi, treni imesimama usiku, mtoto anaona mwanakondoo kakwama huko nje, anashuka kumsaidia. Treni inaondoka. Mama kalala. Basi zima lilisema "aaah" kwa pamoja. Yule mtoto hana sauti ya kuita, anaikimbilia treni na mdomo uko wazi. Mzee aliyekaa pembeni yangu na kuku wake kwenye kikapu aliinua mkono kama vile angeweza kuisimamisha. Mtoto anaokotwa na mwanamume wa Kihindu, mtu wa dini sana, mkweli kupita kiasi, Salman Khan huyo, na yeye anaamua kumrudisha kwao Pakistani mwenyewe, hana viza, hana pasipoti.

Tukaenda hivyo Somanga, tukaipita, watu hawasinzii. Tumefika Nangurukuru, filamu imebakiza kidogo sana, basi linasimama watu wale, konda anachomoa flashi. Tuliporudi ndani akaweka muziki. Nikamwomba airudishe. Akaniambia flashi imegoma. Abiria tulimwomba karibu wote, hata yule mzee wa kuku, na jibu likawa lilelile. Kutoka Nangurukuru mpaka Lindi ni saa nyingi kukaa na mtoto ambaye hujui amefika kwao au hajafika. Niliwaza mambo ya ajabu njia nzima. Mtu anayeweka filamu mbele za watu amewapa ahadi, na kuikata katikati ni kuwadhulumu. Siandiki hili kwa utani.

Nilifika nyumbani sijafungua hata mizigo, nikamtuma mwanangu aitafute. Kesho yake tuliimalizia ofisini. Wamefika mpakani, yule bwana anavuka kurudi India, mtoto kabaki upande wa kwao na mama yake, umati umejaa pande zote mbili. Anamwona anaondoka. Anafungua mdomo, kama alivyofungua siku ile ya treni, hakitoki kitu, anajaribu tena, na sauti inatoka. Anaita, "Mama!"

Benchi lote likageukiana. Mama yake si yuko naye hapo hapo? Mbona anamwita huyu mwanamume mama? Mama wa maandazi akasema ndiyo, mtu akikulea ni mama, awe na ndevu asiwe nazo. Mimi nikaridhika na hilo. Jioni nikaenda kununua nyuzi kwa mzee mmoja wa Kihindi ninayenunua kwake siku zote, nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, binti yangu, kwetu *mama* ni mjomba.

Nilirudi ofisini nimebeba neno hilo kama zawadi. Maana hapa kwetu mjomba si mtu wa kuja kwenye harusi na kuondoka. Wamwera, Wamakonde, Wayao, ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto. Mjomba wangu ndiye aliyeninunulia cherehani ya kwanza, baba yangu akiwepo na akiridhia. Yule mtoto, neno lake miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa, kwa mtu wa nchi nyingine na dini nyingine, ni mjomba. Niliirudisha nyuma ile sehemu nikaitazama tena peke yangu, na hapo ndipo nililia. Na ukinitaka niseme habari za nguo, tazama nguo za yule mtoto. Kuna fundi pale alikuwa anafikiri.

Black Panther nimeirudia kwa sababu binti yangu wa kazi hakuwahi kuitazama. Siku nyingine nitaiandikia peke yake, ila niseme moja. Aliyebuni nguo za filamu ile, Ruth E. Carter, alipewa Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, na ni haki yake. Blanketi za Wasotho zimekuwa ngao, kofia ya mke wa Kizulu imekuwa taji la malkia. Nilimwonyesha binti, tazama, hakuna aliyebuni kitu kutoka hewani, mtu kaenda kwa wenyewe akatazama wanavyovaa, kisha ndiyo akaongeza lake. Nilitafuta kanga nzima, sikuiona. Bara zima limealikwa pale na kanga yetu ikabaki nyumbani. Hilo lilinigusa, na bado linanigusa.

Kanga nimeikuta kwingine. Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, nimeitazama hatimaye, na usiku ule sikulala mapema.

Kitabu chake, cha Shafi Adam Shafi, nilikisoma nikiwa kidato cha tano. Kilikuwa kimoja, tunapokezana, kurasa za mwisho zimetoka zimebandikwa gundi. Yasmin nilikuwa namjua kama jirani. Msichana wa Kihindi wa Unguja ya wakati wa Mwingereza, kaozwa mwanamume aliyemzidi mbali umri, anatoroka ndoa, kwao hawamtaki, anapokelewa Ng'ambo kwa Mwajuma. Halafu anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayetafutwa na polisi kwa siasa zake. Kwa hiyo nilikaa kwenye filamu na hofu. Kila mtu ana Yasmin wake kichwani na wangu alikuwa na umri wa miaka 20 humo ndani, nilimkaribisha nikiwa mwanafunzi.

Basi hofu ilitoka taratibu. Filamu haina haraka. Inaacha mtu atembee uchochoroni mpaka aufikie mwisho wake. Kijana wa bodaboda aliondoka mapema, akasema akirudi tumweleze nani kampiga nani. Lakini wanawake tuliobaki tulikuwa kimya. Kanga zimefungwa na watu wanaojua kufunga kanga. Najua hilo linaonekana dogo. Mtu asiyeivaa kila siku huifunga kanga akaisahau, inakaa kama taulo. Anayeivaa kila siku anairudia rudia, mkono unaipandisha kifuani bila yeye kujua, anaitoa begani anafuta jasho, anairudisha kichwani mwanamume akipita, anajifunika nayo mdomo akicheka. Kanga haitulii. Na mle ndani haitulii. Mwajuma kachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab kweli, kwa hiyo akiimba mwili wake unajua ukae vipi, hakuna mtu wa kumwelekeza ashike wapi.

Nina lawama yangu pia. Kitabu ni kinene na maisha ya Yasmin ndani yake ni marefu, anapanda, anashuka, anapanda tena. Filamu ya saa moja na nusu imechukua mapenzi na siasa, mengine imeyaacha. Mtu ambaye hajasoma anaweza kudhani Yasmin ni msichana aliyempenda mwanasiasa. Yasmin ni zaidi ya hapo. Ni mtu aliyejifunza kuishi mara 3 au 4, kila mara kuanzia chini. Nilimkosa huyo. Binti yangu wa kazi, ambaye hajakisoma, aliniuliza baada ya filamu, "Sasa akaishije?" Swali hilo ndilo lawama yangu. Nimempa kitabu, yuko ukurasa wa 60 na kitu, anasoma akisubiri pasi ipate moto.

Lakini ilikuwa filamu ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe, na Tanzania iliipeleka kugombea Oscar, kitu ambacho hatukukifanya tangu filamu ya Maangamizi ya 2001. Nilipoiona bahari mle ndani, na taa za karabai, nilihisi kama mtu kafungua dirisha la chumba ninachokijua. Ziko filamu nzuri zaidi. Sijui kama ipo niliyoikaribia hivi.

Nimefika sasa kwenye filamu iliyonifanya nikae kuandika, na ndani yake ninayemlilia hana nguo.

Jumamosi iliyopita mwanangu alileta ya madainosa. Jurassic World: Fallen Kingdom, ya 2018. Mimi nilikuwa nashona kanzu ya mzee mmoja anayetoka upande wa Mipingo, na mwenyewe alikuwa kwenye benchi anasubiri nimpime mikono mara ya mwisho. Shikamoo babu, marahaba, akapewa chai, akawa anatazama na mjukuu wake wa kujitakia. Filamu yenyewe sitaisifu sana. Sehemu ya pili yote imehamia kwenye jumba la tajiri, wanauziana wanyama mnadani, kelele nyingi, watu wanakimbia kwenye korido. Nisingeikumbuka.

Lakini kabla ya hapo kuna kisiwa, na volkano imelipuka. Watu wenye tamaa zao wamepakia wanyama melini, wale watakaoleta hela, na meli inaondoka. Gatini amebaki mmoja. Yule mrefu mwenye shingo. Amefika mwisho wa gati, mbele ni maji, nyuma ni moshi, na analia. Kutoka melini watu wanamtazama. Moshi unamfikia, unamfunika, huoni tena ngozi yake, unaona kivuli tu ndani ya mwanga mwekundu. Anainuka kwa miguu ya nyuma. Kile kichwa kidogo kinakwenda juu, juu, halafu kinashuka. Basi.

Mguu wangu ulikuwa umetoka kwenye cherehani muda mrefu. Mwanangu hakusema neno. Babu akaweka kikombe chini, akauliza, "Huyo si mjusi wetu?"

Mwanangu akamwambia, babu, huyo anaitwa Brachiosaurus. Babu akasema, "Mimi sijui anaitwaje huko. Huyo ni mjusi wa Tendaguru. Babu yangu alimbeba."

Na alikuwa na haki. Nimekuwa nasoma tangu siku hiyo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyomwona babu alivyokuwa na haki. Tendaguru ni kilima kiko kiasi cha kilomita 60 kutoka hapa mjini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani, akina Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa. Walikuja wao wachache. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Ilikuwa miaka 2 tu tangu vita ya Majimaji iishe, watu walikuwa wametoka kwenye njaa, vijiji vimeungua. Mifupa ilifungwa vizuri, ikabebwa kwa miguu mpaka bandarini hapa Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Babu anasema babu yake alisimulia kwamba mfupa mmoja wa paja ulitaka wanaume wengi kwenye miti, na kwamba usiku wakilala njiani hakuna aliyetaka kulala karibu na mzigo ule.

Sasa la filamu. Jina la Brachiosaurus lilitolewa Marekani mwaka 1903, kwa mifupa iliyopatikana Colorado, lakini ile haikuwa na kichwa. Mwaka 1914 Janensch akampa wa Tendaguru jina hilo hilo, na miaka mingi baadaye wataalamu wakamtenga wakamwita Giraffatitan. Ila dunia ilikuwa imeshamzoea. Wa Tendaguru ndiye aliyekuwa na fuvu, na ndiye aliyesimamishwa mzima Berlin mwaka 1937. Kwa hiyo tangu hapo, kila anayetaka kumchora mnyama yule anamtazama wetu. Lile paji la uso lililoinuka kama kuba, pua juu ya kichwa, ile sura ya upole ambayo watoto wa dunia nzima wanaijua tangu filamu ya kwanza ya 1993, imetoka kwenye udongo wa wilaya hii. Jina ni la Marekani. Uso ni wa Lindi.

Nimeyatafakari hayo nikiwa napita ufukweni kila jioni, natazama ng'ambo ya Kitunda, boti zinarudi. Wao kwenye filamu wamemwacha gatini na meli ikaenda bila yeye, na dunia nzima ikamlilia. Wetu alichukuliwa na meli kutoka bandari hii ninayoitazama, na hapa mjini sikuwahi kusikia mtu akimlilia, mpaka babu alipoweka kikombe chini. Sikutegemea filamu ya kelele kama ile inishike hapo. Siku moja nataka nisimame Berlin nimtazame.

Filamu ilivyoendelea kwenye lile jumba la tajiri tukaacha kuitazama. Mwanangu akauliza, kwani alikuwa mrefu kiasi gani, huyo wa Berlin? Nikamwambia nimesoma ni mita 13 na kidogo kwenda juu. Akataka kuona. Nikachukua futi yangu ya shingoni, ina sentimita 150, tukatoka nje.

Tulianzia mlangoni. Mwanangu anashika mwanzo, mimi nanyoosha, binti wa kazi anachora mstari kwa chaki ya kitambaa kwenye saruji ya baraza. Moja. Mbili. Tukapita fremu ya fundi simu. Tatu. Baraza likaisha tukashuka kwenye mchanga, chaki haikamati tena, binti akawa anaweka vifungo vya shati kwenye kila alama. Nne, tano. Mama wa maandazi akasogeza karai lake bila kuuliza. Sita, saba, nane. Na bado tukaongeza nyingine, isiyofika mwisho wa futi. Tukawa tumefika kwenye mwembe, ng'ambo ya kibanda cha chipsi, na watu wamesimama wanatutazama, kijana wa bodaboda kazima pikipiki.

Babu alikuja nyuma yetu polepole, kanzu yake mwilini, mkono mmoja umekamilika na mwingine umeshikwa kwa pini. Akasimama kwenye kifungo cha mwisho. Akageuka akatazama mlango wa fremu yangu kule tulikotoka, mbali.

"Hapa ndiyo kichwa?"

Nikamwambia ndiyo babu, hapo.

Akabaki amesimama pale. Mwanangu alikwenda mlangoni mbio, akasimama kwenye alama ya kwanza na miguu imeachana, kama mtu anayeshikilia kitu kisianguke, akampungia mkono.